Udongo Puani mwa Ndege

Mume wangu alikuwa seremala asiyejua kukaa bure, na Imajensi, ile hali ya hatari aliyoitangaza mkoloni, ikamkalisha. Tulikuwa tumehamishwa kutoka shambani kwetu, upande wa Endarasha, tukafungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Kutoka ni kwa ruhusa. Mchana sisi wanawake tulichonga mianzi ya kuchomeka humo handakini, naye alishinda akizunguka nyumba, aguse mlango, aguse ukuta, hata nikatamani kumfunga kamba kama mbuzi.

Ndipo akaanza kuunda ndege isiyo na injini. Ndege za serikali zilipita juu yetu kwenda kuwapiga mabomu wapiganaji wetu waliojificha msituni. Watu waliinama, yeye alitazama mabawa. Niliona ni wazimu. Hata hivyo nilimletea vipande vya mianzi vilivyobaki kazini, maana heri mwenye wazimu aliyetulia. Alivipasua vyembamba, akavifunga kwa uzi wa katani, akavivika karatasi za mifuko ya saruji kwa gundi ya uji mzito. Mabawa yalikuwa mapana kuliko mikono yangu ikinyooshwa, na ncha zake aliziinua kidogo ili ndege isiyumbe. Mwisho alibandika bonge la udongo puani.

“Bila hili,” aliniambia, “inainua kichwa, inachoka, inaanguka.”

Tuliijaribu nyuma ya nyumba. Iliteleza hewani polepole, na moyo wangu ukapaa nayo. Kisha nikaogopa, nikaificha darini.

Sajenti wa posti, kituo cha polisi kilichotulinda pale kijijini, mtu aliyetoka magharibi mwa nchi, aliikuta siku ya msako.

“Hii ni kitu gani?”

“Ni ndege, afande. Ya kucheza tu.”

“Mzee mzima unacheza? Hii inapeleka barua kwa watu wa msitu.”

Tukasukumwa hadi ukingoni mwa handaki, majirani wakaitwa washuhudie. Sajenti akasema ndege ikivuka, mume wangu ataenda kizuizini leo hii, lori liko tayari. Mume wangu akanyoosha mkono aichukue.

“Wewe hapana! Weka mikono kwa kichwa. Mama, rusha wewe.”

Niliishika puani kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuiangusha. Nilipoinua mkono, bonge la udongo lilikuwa limebaki katika kiganja cha pili. Nikarusha kwa nguvu zangu zote. Ndege iliinua kichwa, ikasita, ikaanguka chali karibu na viatu vya sajenti.

“Ati ndege! Hii hata kwa choo haiwezi fika!”

Alicheka, majirani wakacheka, nami nikacheka kuwashinda wote huku nimekaza ngumi. Sajenti akavunja bawa kwa kiatu, akaenda zake.

Mume wangu hakucheka. Aliokota ndege yake, akaipapasa pua. Tulipofika nyumbani alinifungua ngumi, kidole kimoja kimoja, akautazama ule udongo.

“Ingevuka,” akasema.

“Najua, baba watoto.”

“Ingefika mbali sana.”

“Najua.”

Akalia. Nilitaka kumgombeza: yuko kwake, hakupandishwa lori, analilia nini? Sikuweza, kwa sababu hata mimi, pale ukingoni, nilitamani kuiona ikivuka.