Siku Niliyoshuka Mutini Nimefunga Kikwembe

Mucheke tu, mimi nimeshazoea, maana pale Majengo, mutaa wetu wa Goma, mupaka leo kuna batu wakiniona wanaita "Papa Kikwembe, habari?" na mimi ninaitika, nitafanya nini sasa! Haya ya siku ile niliimeza zamani, lakini niwaambie ukweli, katika mambo yote niliyofanya masomoni, hakuna ninalojivunia kuliko hili ambalo lilinivua nguo.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, tena prezida wa kilabu yetu ya mazingira (kinywa kikubwa, ninakubali). Miti ya grevilea ya kiwanja cha masomo tulikuwa tumeipanda sisi wenyewe, juu ya mawe ya volkano, kila mwanafunzi akibeba udongo kwenye mufuko kutoka kwao, na nilikuwa ninahubiri kila asubuhi kwamba mwanafunzi hata kama hana pesa wala cheo anaweza kupigana na joto la dunia kwa muti mumoja tu. Halafu vita ikashuka kutoka Rutshuru, batu wakakimbia, wakaja wakajaa madarasani mwetu na magodoro na watoto na kuku, masomo yakasimama.

Asubuhi moja nikamukuta mama mumoja kati yao, Mama Furaha, amesimama chini ya muti na panga mukononi. Mutu mwenye akili angemusalimia, angemuuliza ana shida gani. Mimi hapana! Nikaamua kupanda juu ya ule muti, eti nihutubie kila mutu akiniona.

"Mama, ukikata huu, unikate na miye!" nikapiga kelele, na batu wakaanza kutoka madarasani, prefe, mukubwa wa masomo, naye akatoka ofisini, wenzangu wa kilabu wakapiga makofi, na mimi kwa utamu wa makofi nikapanda tawi lingine ambalo sikuwa na kazi nalo, na pale pale patalo yangu ya iniforme ikanaswa na kijiti ikapasuka kutoka mukanda mupaka kwenye goti, praaa! upepo wa Goma ukaingia.

Yesu wangu! Kiwanja kizima kikacheka, watoto wakagaagaa chini, prefe akageukia ukuta mabega yakimutetemeka. Nikakumbatia muti kwa mikono yote, kupanda siwezi, kushuka siwezi.

Mama Furaha peke yake hakucheka. Akaniuliza polepole, "Sasa mutoto yangu, weye uko unalinda muti. Batoto yangu watakula maharagi mabichi?"

Prezida mwenye hotuba ya kila asubuhi! Tulikuwa tumehesabu miti yetu kila juma, lakini kuuliza wale batu wanapikia nini, hata siku moja. Iliniuma, tena iliniuma kuliko ile patalo. Na yeye, bila kungoja niseme kitu, akafungua kikwembe chake cha juu, kile alichokimbia nacho amebebea mutoto mugongoni, akakikunja akanirushia. "Funga, ushuke. Utaanguka bure."

Nikashuka nimefunga kikwembe cha maua kama mama anayeenda soko, vigelegele vikapigwa, nikamuambia, "Mama, ningojee kidogo, usikate," nikakimbia hivyo hivyo, Majengo yote ikinitazama, mupaka kwetu, nikachukua mufuko wa makala ya kupikia ambayo kilabu ilikuwa imetengeneza na karatasi na unga wa mbao (tulikuwa tunayaonyesha wageni tu, hayajawahi kuchemusha hata chai!). Wenzangu kuniona hivyo, nao wakakimbia kwao kutafuta yaliyobaki.

Yalitoa moshi mubaya, tukakohoa wote, prefe pia. Lakini ba mama wakaunganisha sufuria, jamaa nne kwa moto mumoja, na maharagi yakaiva, na Mama Furaha akanipakulia wa kwanza, mimi na kikwembe chake. Tangu pale tulitengeneza makala pamoja kila siku, wanafunzi na wadeplase, wale waliokimbia vita, mikono myeusi mupaka kwenye kiwiko.

Sitawadanganya, miti miwili ilikatwa wakati wa mvua, mimi nikiwa nimelala na malaria. Mingine yote imesimama, na ninapita pale kifua mbele.

Mutini sijapanda tena, na sitapanda. Na nikisikia mwanafunzi anamukataza mama kukata muti, ninamuvuta pembeni kwanza, ninamuuliza: umemuletea nini cha kupikia?