Chuma cha Mdomoni mwa Punda wa Dada

Mhunzi wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, alinikabidhi lijamu ikiwa bado ina vuguvugu la moto, nikaifunga ndani ya kanga na kupanda basi la Igunga. Lijamu ni chuma tu cha kukaa mdomoni mwa punda, chenye pete mbili za kufungia kamba. Lakini hiki dada yangu alikiagiza kwa nondo iliyosokotwa, na kila nilipokipapasa juu ya kitambaa, mikunjo yake ilinitia wasiwasi. Safari nzima sikupata raha.

Dada ni mjane, analima mpunga, na mashine ya kukoboa iko upande wa pili wa barabara kuu. Punda wake anaogopa honi. Wiki iliyotangulia alitimua mbio na mkokoteni mbele ya lori, dada akiwa juu. Chuma cha zamani, laini, hakikumzuia. Miaka ya kuvutwavutwa ilikuwa imeufanya mdomo wake sugu.

Nilipofika nilikiosha kile kipya, nikakiweka kati ya meno yangu, nikampa dada kamba.

"Vuta kidogo."

Akacheka. "Mdogo wangu, mji umekuharibu." Akavuta, kidogo tu. Ulimi ukabanwa, machozi yakanitoka, na ladha ya chuma haikuniacha mpaka jioni.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, dada," nikamwambia nilipoweza kusema. "Usimvalishe hiki. Shuka, umwongoze kwa miguu."

"Na goti hili?" Hakukasirika. Alikuwa ameshaanza kufunga kamba kwenye pete. "Wewe kesho unapanda basi unarudi Tabora. Mimi kesho navuka barabara na magunia. Akikimbia tena utakuja kunizika, na huruma yako utampelekea nani?"

Usiku ule usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu.

Asubuhi basi langu lilikuwa limeshika kasi tulipokaribia pale dada anapovukia. Dereva akapiga honi ndefu. Nilisimama, kwa kuwa nilijua muda ule ndio wake wa kuvuka. Mkokoteni ulikuwa ukingoni mwa lami. Punda aliinua kichwa, akaruka mbele, na dada akajilaza nyuma akivuta kamba kwa uzito wake wote. Mdomo wa punda ukaachama, macho yakamtoka.

Akasimama.

Tulipita karibu nao kiasi cha kuona povu lake limechanganyika na damu. Abiria wa kando yangu aliniuliza kama yule mama ni ndugu yangu, maana nilikuwa nikisema "Asante Mungu, asante Mungu" kwa sauti. Nilikuwa nashukuru kwa ajili ya kile chuma, na ulimi ulikuwa bado unaniuma.