Vidole vya Mama Florence

Mama mkwe wangu, Florence, hana cheti chochote, lakini hapa Ngao wanawake humletea kuku jinsi watu wanavyopeleka watoto kliniki. Mtu ana mtetea wake, amechoka kumlisha bila kuona yai, anataka kujua amngoje au ampeleke sokoni Garsen. Mama humgeuza kuku, kichwa kwapani, mkia mbele, kisha hupapasa mifupa miwili iliyo chini ya mkia. Katikati kikiingia kidole kimoja tu, bado sana. Vikiingia viwili, hesabu wiki chache. Vitatu, nenda ukamtafutie majani makavu ya kiota. Halipishi mtu. Wakizidi kuja hunung'unika tu kwamba wanawake wa siku hizi vidole vyao ni vya kushikia simu.

Mimi ni Lavender, nimeolewa na mwanawe wa mwisho, na naomba niseme mapema kwamba nimechoka. Mafuriko yalitubebea mahindi, migomba na kuku kumi na saba. Tulikaa miezi minne kambini chini ya turubai, tukarudi tukakandika nyumba upya. Mwaka huu ndipo nikapata mitetea watatu wadogo, wawili wa madoadoa na mmoja mweusi. Nilitaka watage, waatamie, ua lijae kuku tena. Hilo tu. Sikuomba ng'ombe.

Mweusi aliwatangulia wenzake. Kilemba chake kiliiva kikawa chekundu kabisa. Nikimgusa mgongoni anachutama na kutanua mabawa. Akaanza kuingia uvunguni mwa kitanda kukwaruza magunia, anatoka, anarudi. Nikamwambia Mama, "Huyu yuko karibu."

"Kilemba kinaweza kukudanganya, mwanangu," akasema. "Siku moja nitampapasa."

Siku hiyo ililetwa na Mzee Komora, ndugu wa marehemu baba mkwe, aliyetokea Golbanti bila taarifa. Mzee kama yule humwekei mchicha mezani. Lazima kuku achinjwe, na firigisi iwe yake. Nikawakamata wote watatu nikampelekea Mama achague. Aliwapapasa mmoja mmoja, akachukua muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akanirudishia mweusi.

"Mchinje huyu. Hata kidole kimoja hakijaingia."

Nani wa kubishana na Mama Florence kuhusu kuku?

Nilipompasua nilikuta yai limeshafunga ganda, na nyuma yake viini vya manjano vimejipanga, kikubwa kikifuatwa na kidogo, mpaka cha mwisho kama punje ya mtama. Lile yai lingetagwa kesho yake. Niliketi chini pale jikoni nikalia, na sioni haya kusema. Nilimlilia kuku, nikayalilia mahindi, nikaililia ile miezi minne ya turubai.

Mzee Komora alikula, akashukuru, akaenda zake. Nikamwekea Mama lile yai kwenye sahani. "Mama, hili ni nini?"

Alilichukua. Likamponyoka, likapasukia sakafuni. Mama akakitazama kiganja chake kitupu.

"Sikulihisi," akasema.

Ndipo aliponieleza. Ganzi ilimwanza kule kambini, kwenye ncha za vidole, ikapanda. Daktari alimwambia ni sukari. Tangu hapo amekuwa akikisia. Humuuliza mwenye kuku maswali mawili matatu, humtazama kuku, halafu hutoa jibu kwa sauti ileile ya zamani. Nikafikiria kuku wa watu waliouzwa na kuchinjwa kwa neno lake, na badala ya kumwonea huruma nikapandwa na hasira.

"Basi waambie, Mama."

"Nikiwaambia nitabaki na nini, Lavender? Jembe silishiki tena. Kwaya nilishaacha. Hawa wanawake ndio wanaonijia, na wanajia hili."

"Wanapoteza kuku wao. Waambie."

Siku tatu aliongea nami mambo ya chumvi na maji tu.

Siku ya soko, asubuhi, akaja Kadzo, jirani yetu wa ng'ambo ya pili ya njia, na kuku mwekundu kwapani. "Mama, nipimie huyu upesi. Nataka kumuuza, lakini sitaki nije kujuta."

Mama alinitazama. Najua alichokuwa akiniomba. Ningeweza kusema Mama leo anaumwa, Kadzo, rudi kesho.

"Kadzo," Mama akasema, "vidole vyangu vimekufa. Sijui tena kupima. Mpe Lavender, yeye anajua kuangalia."

Kadzo alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akamkaza kuku wake kwapani.

"Haya, Mama. Pole sana. Basi wacha niende naye tu sokoni."

Kilemba cha yule kuku kilikuwa chekundu, nilikiona kutoka mlangoni. "Kadzo, usimuuze!" nikamwita. "Yuko karibu huyo!"

"Asante, dada," akajibu bila kugeuka, na akaendelea na safari yake.

Nilitaka ukweli usemwe, na ulipokwisha kusemwa nikatamani kuumeza. Mama aliinuka polepole, akachukua kipande cha sabuni, akanyoosha mikono juu ya beseni jinsi anavyofanya kila amalizapo kumpima kuku. Siku hiyo hakuwa amegusa kuku yeyote. Nilichukua kata nikammiminia maji, naye akanawa hadi kwenye viwiko.