Aliyekalia Kisanduku cha Damu

Mtafiti mpya wa vinasaba, ndiyo kwanza atoke chuo kikuu, husema "pole, mama" kabla ya sindano, si baada yake. Mimi nafagia wodi hii ya uzazi, namwona kila siku. Kichupa cha damu hakiruhusiwi kuandikwa jina, namba tu; basi majina huyaandika kiganjani kwa biki, na hanawi mpaka ayanakili daftarini mwake. Damu hupelekwa Ulaya kuchunguzwa. Majibu hayajarudi hata moja. Damu yetu inajua njia ya kwenda tu!

Leo mama mmoja wa mtaa wa Kapata, aliyezika mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, amekuja mara ya nne, na ana mimba tena. "Jibu yangu iko wapi?"

Bosi wa mtafiti hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Iko mu njia, mama."

Mtafiti alifunga kisanduku cha barafu chenye damu ya wiki nzima, akakikalia. Dereva wa kuipeleka uwanja wa ndege akapiga honi weee, mwishowe akaingia mbio. "Mademoiselle, simama! Damu itaharibika, ndege inatuacha!"

"Iharibike. Na mimba ya huyu mama, nayo tuiweke mu barafu ingoje jibu?"