Mbwa Mgeni na Paka Wenyeji

Juzi nilikuwa kwenye duka la pembejeo hapa Masasi, nanunua dawa ya kuku, akaingia mama mmoja wa kijiji cha Chiungutwa na malalamiko. Tangu alete mtoto wa mbwa, paka wake wawili wamehamia juu ya mkorosho wa uani. Panya wameshajua, sasa wanamaliza karanga za mbegu.

"Nani anaanza kula?" akauliza muuzaji.

Mama akamtazama kana kwamba ameulizwa jina la baba yake. "Mgeni, mwanangu. Mbwa."

"Na paka?"

"Wanasubiri. Si wenyeji?"

Muuzaji akaweka kalamu chini. "Mama, paka hawajui ugeni. Waanze wao, mbwa umfunge kamba pembeni awatazame. Na kitambaa anacholalia, wape wakinuse siku mbili tatu."

"Nimnyime mgeni?" Mama akashika shavu. "Watu watasema nini?"

Nilicheka njia nzima. Nyumbani nikamkuta shemeji yangu, mgeni wetu wa wiki ya tatu, anakabidhiwa paja la kuku. Mimi nikapewa shingo. Nikautazama mkorosho wetu kwa muda mrefu.