Mama Upendo Mwenye Sauti Nzito

Marko alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale mtaa wa Kanyenye, mjini Tabora, pande la mtu, mikono imejaa makovu ya cheche. Nani angedhani kwamba mtu yule akishavua miwani ya kazi huketi na simu yake kuandika hadithi za mapenzi?

Chanzo kilikuwa mchezo wa redio uliopendwa sana Tabora. Ndani yake kulikuwa na Shabuka, mwanaume wa shoka, aliyemwoa Nyanzala na usiku wa harusi akamtawala kwa nguvu kama anayefundisha ng'ombe kulima. Mchezo ukaishia hapo, bwana harusi akisifiwa. Mashabiki, wengi wao kina mama, wakafungua kundi la WhatsApp ili waiendeleze hadithi wenyewe. Marko akaona haya kuingia kwa jina lake. Mkewe, Bernadeta, akacheka, akamwazima la kwake: Mama Upendo.

Katika hadithi ya Marko, Shabuka aliketi kando ya kitanda akamuuliza mkewe, "Wewe unapenda nini?" Nyanzala hakuwahi kuulizwa hivyo. Wakazungumza hadi woga ukamtoka.

Maneno hayo Marko hakuyaokota hewani. Alipooa alifuata mafunzo ya kijiweni, kwamba mwanaume haombi. Bernadeta akawa anageukia ukutani. Siku moja, wakipukuchua mahindi uani, Marko akamuuliza kulikoni. Mkewe akamweleza polepole yote yaliyokuwa yakimtisha kitandani, macho yakiwa kwenye mahindi. Tangu hapo nyumba ilibadilika, na sasa kila alichoandika alimsomea yeye kwanza.

"Hapo umekosea, Baba Upendo," Bernadeta humwambia. "Mwanamke akikubali kwa kuogopa, hatabasamu. Futa."

Naye hufuta.

Mchana mmoja kidole kikateleza kwenye simu, kikatuma rekodi ya sauti. Kundi zima likamsikia Mama Upendo, kwa sauti nzito, akibishana na mteja juu ya bawaba za geti. Kisha mmoja akaandika, "Kumbe dume. Anatuchunguza." Mwingine akataka aondolewe. Marko alikuwa anajitoa mwenyewe, ndipo Recheli, muuza dagaa wa Kaliua, alipomuuliza, "Kaka, ya kwetu umeyajuaje?"

"Nilimuuliza mke wangu," Marko akajibu. "Mama Upendo ni yeye. Mimi naitwa Marko."

Bernadeta akamnyang'anya simu, akarekodi sauti yake. "Ni kweli, dada zangu. Tunaandika wawili. Mkimtoa, nami mnitoe."

Recheli akaandika, "Msiende popote. Sehemu ile ya kitandani nilimpa mume wangu asome. Alipomaliza akaniuliza kama Shabuka alivyouliza. Tuna wajukuu sisi, na ndiyo mara ya kwanza. Nawashukuru wote wawili."

Hakuna aliyetaja tena habari ya kumwondoa mtu.

Marko aliusoma ujumbe ule mara mbili, akajipangusa uso kwa kitambaa chenye masizi.

"Ungeweza kuninyamazia siku ile ya mahindi," akamwambia mkewe.

"Nilikaribia," Bernadeta akasema, akimmiminia uji. "Nashukuru sikufanya hivyo."

Jumapili, baada ya misa, wakaandika sehemu mpya, na chini yake wakaweka majina yote mawili.