Viganja vya Mutua

Bado naikumbuka Jumatano moja, siku tatu kabla ya tamasha la muziki la kaunti, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya upande wa Mitaboni. Mdogo wangu unayecheza ngoma, sina umri wa kukuita mwanangu, na mimi mwenyewe nasaha zilikuwa zikinichosha. Hata leo, baada ya chuo kikuu, mtu akiniambia jambo fulani hufanywa hivi, swali langu la kwanza ni kwa nini. Kwa hivyo usinisikilize kwa sababu nimekutangulia. Sikiliza kilichotokea, halafu uamue.

Kikundi chetu kilicheza ngoma ya Kikamba ya kuruka. Unaijua: wabebaji wawili wanashikana mikono kama kiti, filimbi inalia, mrukaji anakuja mbio, anakanyaga mikono hiyo na kurushwa juu, anajipindua hewani na kutua kwa miguu. Mimi nilikuwa mrukaji. Wabebaji wangu walikuwa Mutua na Kioko. Majaji wangechagua vikundi viwili tu kwenda mashindano ya kanda, na shule nzima ilikuwa inatusubiri sisi.

Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja mzee kutoka Ekalakala. Tulimwita Susu Kalekye, maana susu kwetu ni nyanya. Alikuwa na desturi moja iliyoniudhi sana. Kabla ya kila mruko, mrukaji alitakiwa kupiga magoti mbele ya wabebaji wake, achote majivu kwenye kopo na kuwapaka viganjani, kidole kwa kidole, polepole. Mbebaji hakuruhusiwa kujipaka mwenyewe.

"Susu, haya majivu ni ya nini?" nilimuuliza Jumatano hiyo, mbele ya watu wote. Kabla hajafungua mdomo nikaendelea: "Kama ni jasho, wajifute na kitambaa. Kama ni mizimu, mimi sina shida nayo."

Walicheka. Kioko akasema, "Profesa ameanza." Susu akaweka kopo chini, nami sikupiga magoti wala kumpaka mtu majivu.

Mutua alikuwa amefumbata mkono wa kulia. Niliona, tena vizuri kabisa. Nikamwambia, "Leo najipindua mara mbili. Ama umeogopa?"

"Kuja tu," akasema.

Filimbi ikalia, nikakimbia. Nilipokanyaga mikono yao nilihisi upande mmoja ukiachia, na nikamwangukia Mutua kwa uzito wangu wote. Ngoma zilinyamaza moja moja, kwa sababu wapigaji wa nyuma hawakuwa wameona. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevunjika. Walipomfungua bandeji ndogo aliyokuwa ameificha, tuliona kidole gumba kilichokuwa kimechanika tangu Jumatatu, alipokuwa akipasua kuni kwao.

Baada ya Mutua kupelekwa hospitalini, Susu alinifuata nilipokuwa nimekaa peke yangu kando ya jiko la shule.

"Uliniuliza majivu ni ya nini, ukajijibu mwenyewe," akasema. "Sasa ningoje nimalize. Mtu akificha kidonda, uso wake unaweza kukudanganya. Ukimshika kidole kwa kidole, hawezi. Nakupigisha magoti ndio umshike."

Nilikaa na maneno hayo usiku mzima. Swali langu lilikuwa zuri, na hata sasa ningeliuliza. Ila siku ile sikutaka jibu. Nilitaka kicheko, na nilikipata.

Kesho yake aliniondoa kwenye kuruka akaniweka mahali pa Mutua. Mrukaji mpya alikuwa Mwongeli wa kidato cha pili, mwepesi kuliko mimi. Nilimbeba Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa jioni kidole changu cha kati kilivimba. Nikanyamaza. Fikiria, nilikuwa nimemwona Mutua kwa macho yangu, na bado nikanyamaza. Nilijiambia nikisema tutaacha mruko wa mara mbili, tukiuacha tutakosa kanda, na wote watajua ni mimi nimewaharibia kwa mara ya pili.

Jumamosi, mjini Machakos, tulikuwa nyuma ya jukwaa. Kikundi kilichotutangulia kilikuwa kinamaliza. Mwongeli akapiga magoti, akaanza na Kioko, kisha akaja kwangu. Alipofika kidole cha kati nilikaza uso. Akasimamisha mkono.

"Hiki kina nini?"

"Hakuna kitu."

Akakibonyeza. Pumzi ikanikatika.

"Profesa, mimi ndio nitakuwa huko juu," akasema kwa sauti ndogo. "Niambie."

Mshereheshaji alikuwa ameshaita jina la shule yetu. Wengine walianza kusogea. "Kimevimba tangu jana," nikasema. "Mara mbili sitakuweza."

Kioko alinitukana kwa Kikamba, neno ambalo sitaliandika hapa. Mwongeli aliinuka, akamwambia mpiga filimbi, "Mara moja." Tukaingia.

Alikuja mbio, tukamrusha, akajipindua mara moja, akatua safi. Kikundi kilichotufuata kilijipindua mara mbili. Tulikuwa wa tatu.

Mutua alikuwa amekuja kutazama, mkono ukiwa umefungwa plasta. Nilijua atanilaumu. Aliketi kando yangu wakati washindi wawili wanaitwa.

"Nimesikia ulisema," akaniambia.

"Nilisema."

"Mimi niliogopa utaniita mwoga."

Na hakuondoka pale.

Basi mdogo wangu, sikuombi uache kuuliza. Muulize mwalimu, mkosoe, nikosoe hata mimi. Ila ukiuliza, nyamaza ujibiwe. Na msimu huu wa mashindano, kabla hujamtaka mwenzako akurushe juu zaidi, hakikisha anaweza kukwambia ameumia bila kuogopa ulimi wako. Ukiumia wewe, sema, hata kama mmeshaitwa na watu wanasogea, hata kama mtakosa nafasi. Sisi tuliikosa, na iliniuma kwa muda mrefu. Lakini ningeambiwa nichague tena kati ya nafasi ile na shingo ya Mwongeli, nisingehitaji kufikiri.

Mungu akupe miguu myepesi na wenzako wanaokuamini. Na kila atakayesimama chini yako arudi kwao mzima.